Kutoka Cherehani Hadi Kilimani

Mtaani walimwita Pasipoti, na jina hilo alikuwa amelizoea kiasi kwamba mtu akimwita kwa jina lake la kweli aligeuka kutazama nani anaitwa. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za pasipoti, za vitambulisho, za maombi ya shule, na mara mojamoja za watu wanaotaka kuoana haraka kabla mmoja hajabadili mawazo. Studio yake ilikuwa chumba kimoja chenye pazia jeupe, kiti cha kuzunguka ambacho kilishaacha kuzunguka, na kioo kidogo cha wateja kukagulia meno. Miaka nenda miaka rudi aliwaambia watu maneno yaleyale: kaa wima, funga mdomo, nitazame mimi, usicheke. Mkono wa kulia ulibonyeza. Mkono wa kushoto uliizungusha lenzi mpaka macho ya mteja yakatoka safi, kope kwa kope, maana ofisi zinazopokea picha hizo hazina mchezo na macho yenye ukungu. Aliiweza kazi hiyo hata akiwa anaongea na simu, hata akiwa anapiga miayo.

Sasa mtu wa namna hiyo, akishinda na vichwa vya watu kwenye pazia jeupe maisha yake yote, siku moja kitu kinampanda. Pasipoti alipandwa na mandhari. Akagundua kwamba ndani kabisa ya moyo wake hakuwa mpiga vichwa hata kidogo. Alikuwa mpiga mandhari mkubwa aliyecheleweshwa na wateja. Akajipatia kofia pana. Akajipatia na kizibao chenye mifuko mingi, akakosa vya kuijaza, akaweka kitambaa cha lenzi kwenye mfuko mmoja na pipi kwenye iliyobaki. Mkewe, ambaye alikuwa na duka la dawa mlango wa pili, alimwona akipita na mavazi hayo akamuuliza kwa upole vita viko wapi.

Mandhari yenyewe sasa. Mpaka hapo Pasipoti alikuwa amepiga picha za mawingu, za kituo cha maji na za mbuzi aliyekataa kutulia, na hakuna hata mtu mmoja aliyemwomba nakala. Ndipo dada yake akampa kazi.

Dada huyo ndiye aliyemlea. Mama yao alifariki Pasipoti akiwa bado anafungwa vifungo vya shati na watu wengine, na dada, aliyekuwa msichana tu, akaketi kwenye cherehani na hakuinuka tena. Aliwashonea watu sare, magauni na mapazia, akamsomesha mdogo wake, akamlea na binti yake mwenyewe, yote hayo akiwa kwenye kiti kilekile, ghorofa ya pili, mbele ya dirisha lenye nondo mbili. Nje ya dirisha kulikuwa na mapaa ya mabati, kisha barabara, kisha mabati tena, na mwisho wa yote kilima. Juu ya kilima hicho baba yao, aliyekuwa kibarua wa msitu, alipanda safu ya misonobari kabla wao hawajazaliwa. Kila asubuhi dada akifungua dirisha alisema, "Hamjambo, miti ya baba," ndipo anavuta kiti na kuanza kazi.

Binti alikuwa ameolewa ng'ambo, na kwa muda mrefu alimsihi mama yake amfuate. Mama akawa anasema kesho, kesho, mpaka magoti yakaanza kugoma kwenye ngazi za ghorofa, akakubali. Tiketi ikaja. Cherehani akampa mwanafunzi wake wa zamani, ambaye angekuja kuichukua akishaondoka. Watu wakamuuliza anataka nini cha kumkumbusha nyumbani, akasema hataki kitu, mizigo mingi. Lakini Pasipoti alipokwenda kumsalimia, akamwita karibu.

"Nipigie picha moja, mdogo wangu," alisema. "Cherehani yangu na kilima. Vyote viwili, picha moja, na vyote vionekane sawasawa. Nisije nikafika huko nikamwambia mtu hiki ni kilima, tukawa tunatazama uji."

Pasipoti alishuka ngazi akiwa mrefu kuliko alivyopanda.

Mara ya kwanza aliilenga lenzi kwenye kilima, kwa kuwa mpiga mandhari hulenga mandhari. Kilima kikatoka vizuri, na mbele yake kukawa na tope jeusi ambalo ni mwenye habari tu angejua kuwa ni cherehani. Akarudi, akalenga cherehani. Sindano ikatoka ikimetameta, hata maandishi ya dhahabu yaliyofutika ubavuni yakasomeka, na nyuma yake ukamiminwa uji wenyewe aliokatazwa. Picha hizo hakumwonyesha mtu. Alilaumu lenzi, akalaumu unyevu wa hewa, akalaumu kioo cha dirisha, mpaka alipokumbuka kuwa dirisha lile halina kioo.

Basi akaingia kwenye simu kutafuta elimu, akajifungia na video za wapiga picha waliosimama kwenye majabali wakiwa na vizibao kama chake, ila vya kwao vilikuwa na vitu mifukoni. Huko ndiko alikoupata ule umbali. Wenyewe wanauita kwa neno gumu; Pasipoti akaubatiza umbali wa ukali wote. Maana yake ni hii. Ukilenga kitu, ukali wa picha, yaani ule usafi wake, haukai kwenye kitu hicho peke yake. Unatapakaa kidogo mbele yake na sana nyuma yake. Ukilenga kilima, ule wa nyuma wote unamwagika nyuma ya kilima, ambako hakuna aliyekuomba picha. Ukilenga cherehani, unaishia njiani. Lakini kuna mahali hapo katikati, karibu kuliko unavyodhani, ambapo ukilenga hapo na kuliminya tundu la lenzi likawa dogo, kila kitu kuanzia nusu ya umbali huo mpaka mwisho wa macho kinatoka safi. Na uzuri wake, au kichekesho chake, ni kwamba mara nyingi mahali penyewe hapana kitu. Kwa chumba cha dada, mahali penyewe palikuwa nondo ya dirisha, ile yenye kutu. Ulenge kutu, upate cherehani na kilima.

Habari hiyo ilimlevya. Hakulala nayo peke yake, aliigawa. Mezani aliweka chumvi mbele ya mkewe akasema hiyo ndiyo cherehani, akaweka kikombe akasema huo ndio umbali, akaonyesha mlango akasema kile ndicho kilima. Mkewe akaomba chumvi. Pasipoti akamwambia akiitoa chumvi kilima kitapotea, na mkewe akala chakula hakijakolea, akimtazama. Mama mmoja aliyekuja kupiga picha ya kitambulisho aliketishwa kwenye kiti kisichozunguka akasomeshwa umbali wa ukali wote mwanzo mpaka mwisho, na alipotoka alipita duka la dawa kuuliza kama yule bwana ana homa. Fundi redio wa upande wa pili wa barabara, jirani mwenye gari na mwenye ulimi, alianza kumwita Profesa wa Kutu.

Yeye hayo hayakumgusa. Alirudi kwa dada yake na stendi ya miguu mitatu na kofia yake, akaazima futi ya kushonea, akapima kutoka kwenye kamera mpaka kwenye nondo. Akapima tena. Akaisogeza pete ya lenzi mpaka kwenye namba yake, akaliminya tundu, akashusha pumzi. Kila kitu kilikuwa tayari. Dada aliombwa akae pembeni, na alikaa pembeni kwa muda ambao dada yeyote anaweza kukaa pembeni nyumbani kwake. Kisha akaona uzi unaning'inia kwenye cherehani, akaja kuutoa, na alipokwisha kuutoa akakaa kwenye kiti chake akaitazama kamera.

"Picha ya cherehani bila fundi ni picha ya chuma," alisema. "Piga."

Pasipoti akaona ana haki. Akapiga.

Hakuiangalia kwenye kamera, kwa kuwa mtu mwenye elimu haangaliiangalii. Aliichapisha kubwa palepale studio usiku ukiingia, taa mbovu, haraka zake, akaitia kwenye fremu, akaifunga kwa karatasi, na kesho yake akaipeleka kwa dada, pamoja na mkewe ashuhudie. Dada akapasua karatasi. Mkewe Pasipoti akainama kutazama, akajifunika mdomo na upande wa kanga.

Macho ya dada yalikuwa yametoka safi, kope kwa kope. Yalifaa kupeleka ofisi yoyote. Cherehani ilikuwa safi, sikio lilikuwa safi. Na nyuma ya sikio, uji.

Pasipoti alisimama akiikumbuka ile dakika, na ndipo alipouona mkono wake wa kushoto. Dada alipokaa na kumtazama, mkono ule ulinyanyuka wenyewe, kama ulivyonyanyuka kwa kila kiumbe aliyewahi kukaa mbele ya lenzi, ukaizungusha pete kutoka kwenye namba yake mpaka kwenye macho ya mteja. Yeye mwenyewe hakuulizwa. Alikuwa amepima kwa futi, amepima tena, amewasomesha mtaa mzima, halafu amefanyiwa hujuma na kiungo chake. Mkewe aliposikia maelezo hayo alishindwa kusimama, akakaa kwenye furushi la vitambaa akacheka mpaka machozi, akawa anauonyesha ule mkono kwa kidole.

Dada hakucheka. Aliinua fremu akaileta karibu, karibu zaidi, mpaka pua ikakaribia kugusa karatasi, akaipitisha taratibu kushoto kwenda kulia kama mtu anayekagua mshono.

"Usijisumbue sana," alisema. "Kilima mimi nakiona hivihivi siku zote."

Pasipoti akacheka kidogo, akidhani anafarijiwa.

"Sifanyi mzaha. Sindano naiona, tundu lake naliona, nakupitishia uzi bila taa. Lakini kuanzia barabarani kwenda mbele ni moshi mtupu. Ni siku nyingi."

Wakamuuliza kwa nini hakutafuta miwani. Akawatazama kama watoto. Mteja akimwona fundi na miwani, alisema, anakwenda kwa fundi mwingine, na hakuna wa kumweleza kwamba jicho la karibu na jicho la mbali si kitu kimoja. Binti yake ameshamwambia akifika tu anapelekwa kwa daktari wa macho, na huko atakubali, maana huko hana mteja. Kisha akaweka kiganja chake mbele ya pua.

"Ndiyo maana niliitaka hiyo picha. Kitu kikiwa hapa nakiona. Nilitaka nikilete kilima hapa, niihesabu miti ya baba, nijue yote ipo. Nisiondoke bila kuihesabu."

Mkewe Pasipoti akaacha kucheka. Akawa anatazama sakafu.

Maana miti haikuwepo. Ilikatwa siku nyingi, walipokuja watu wa mnara wa simu, na sasa juu ya kilima ulisimama mnara wenyewe, mwekundu na mweupe, na vyumba viwili vya bati chini yake. Mtaa mzima uliona. Pasipoti aliona pia, akaumia, akaja hapa kwenye chumba hiki siku hiyohiyo akiwa na maneno ya kumpa dada yake pole, akamkuta anashona kama kawaida, wala hataji. Akaamua huo ni ukimya wa heshima. Na kila alipopita asubuhi akamsikia akisema hamjambo, miti ya baba, aliona ni namna ya kukumbuka, akamstahi zaidi dada yake, akajisemea moyoni kwamba huyu mtu ana roho kubwa. Mpiga picha mzima, bingwa wa macho ya watu, amekaa karibu na macho hayo maisha yake yote na hakujua kuwa hayaoni ng'ambo ya barabara. Alitamani kuingia kwenye mmoja wa mifuko ya kizibao chake.

Mdomo ukamtangulia. Akasema atakuja kesho asubuhi, arudie, na safari hii itatoka.

Njiani mkewe alimuuliza atafanyaje. Pasipoti akasema yeye ni mtu wa kazi, picha safi ni picha safi, na mtu mzima ana haki ya kuona kilichopo. Akatembea kidogo.

"Halafu?" mkewe akauliza.

"Halafu sijui."

Asubuhi hewa ilikuwa imeoshwa na mvua, ile hewa ambayo wapiga mandhari huiombea. Alipima mpaka kwenye kutu. Akaiweka pete kwenye namba yake, akaifunga kwa utepe wa gundi. Mkono wa kushoto akautia mfukoni, kwenye pipi, akauambia utulie humo. Dada akaombwa akapike chai, na safari hii akaenda kweli. Pasipoti akabonyeza.

Akaikuza kwenye kioo cha kamera. Mola wangu. Uzi kwenye sindano ulionekana ulivyosokotwa. Nondo ilionekana na magamba yake ya kutu. Mapaa ya mabati yalionekana misumari. Na kilimani kulionekana mnara, chuma kwa chuma, na visiki vimejipanga mahali pa ile safu, na mbele ya kibanda kamba ya nguo yenye fulana ya mlinzi. Kutoka cherehani mpaka fulana hapakuwa na chembe ya ukungu. Ilikuwa picha bora kuliko zote alizowahi kupiga.

"Imetoka?" dada akauliza kutoka jikoni.

Pasipoti alitazama mlango wa jikoni. Akawaza jinsi dada atakavyoileta pua yake kwenye karatasi, aanze kuhesabu kutoka kushoto.

"Bado kidogo," akajibu.

Akabandua utepe. Akalifungua tundu la lenzi likawa kubwa, akaizungusha pete mpaka kwenye cherehani, akapiga. Akaangalia: kilima kimelainika, lakini wekundu wa mnara bado unachungulia. Akaizungusha zaidi, akapiga tena. Alikuwa mtu ambaye miaka yote amewarudisha watu nyumbani kwa sababu ya kupepesa jicho, na sasa anatokwa jasho akitafuta ukungu wa kutosha, wala haukuwa rahisi. Ukungu nao una vipimo vyake. Mwishowe mnara na vibanda viliyeyuka vikawa doa moja refu, jeusi kidogo, juu ya kilima. Lingeweza kuwa miti. Kwa kweli lingeweza kuwa chochote.

Jioni akampelekea ikiwa kwenye fremu.

"Nimeshindwa, dada," alisema.

Dada aliileta puani, akakaa nayo.

"Hii hapa si ndiyo miti?"

"Ndiyo hiyo."

"Haihesabiki."

"Haihesabiki. Lenzi yangu imechoka."

Dada akaishusha fremu mapajani, akampiga kofi dogo la shavuni, lile la tangu utoto. "Hukuumbiwa mandhari, mdogo wangu. Kapige vichwa vyako." Pasipoti akasema ndiyo, dada. Kadi ya kamera yenye picha safi ilikuwa kwenye kizibao, mfuko wa juu, na ilimchoma kama kaa la moto. Kuificha sifa ya picha ile haikuwa kazi ndogo kwa mtu aliyekaa anaisubiri maisha yake yote.

Habari ilifika mtaani kabla yake. Profesa wa Kutu amechemsha tena. Fundi redio alimsimamisha barabarani akamuuliza ule umbali uko kilomita ngapi, na wateja wawili wakamwambia wao wamekuja kwa ajili ya vichwa tu, asihangaike na vilima. Pasipoti aliinamisha kichwa, na moyoni alijipongeza kwa ujanja wake. Dada ataondoka na miti yake. Mpango ulikuwa hauna hata tundu.

Tundu lilikuwa barabara. Siku ya safari walipakia mizigo kwenye gari la fundi redio, dada akakaa mbele, dirishani, fremu mapajani, Pasipoti na mkewe nyuma. Gari lilipokata kona ya mwisho ya mji ndipo akili ya Profesa ikafunguka, ikiwa imechelewa kama kawaida yake. Barabara ya uwanja wa ndege inapita chini ya kilima. Inapita chini kabisa, ubavuni, upande uleule wa dirisha la dada. Alikuwa ameipita mara ngapi, na hakuwahi kuiweka kwenye hesabu zake.

"Dada, tazama upande huu," alisema. "Ng'ombe."

"Ng'ombe nimeshawaona."

"Kuna duka la vitambaa limefunguliwa. Kubwa. Angalia kule."

Dada aligeuka nusu, kwa adabu. Mkewe Pasipoti akafumba macho. Barabara ikakikumbatia kilima, dada akarudisha uso dirishani, akainua shingo. Kwa umbali ule hata jicho lake lilipata kitu.

"Ile nyekundu na nyeupe ni nini?"

Fundi redio, ambaye hakuambiwa lolote na alikuwa mkarimu wa maelezo, alimweleza vizuri kabisa. Mnara wa simu, mama. Uko pale siku nyingi. Ulipojengwa ndipo mtaa ulipoanza kupata mtandao wa maana.

"Na miti?"

"Si ndiyo ilikatwa hapo? Misonobari mizuri sana ilikuwa."

Fundi redio alimtazama Pasipoti kwenye kioo mara moja, akaelewa kuna jambo, akashika usukani kwa mikono miwili.

Walipokwisha kushusha mizigo uwanja wa ndege, dada alimwita mdogo wake pembeni, kwenye ukuta, mbali kidogo na wengine.

"Ulijua."

"Nilijua. Nilidhani na wewe unajua. Ulivyokuwa ukiisalimia nikadhani unaikumbuka tu. Sikujua huoni, dada. Nilipaswa kujua."

Dada alifikiri. Akaitazama fremu.

"Na ile picha. Ilikushinda kweli?"

Mkono wa Pasipoti ukaenda wenyewe kwenye mfuko wa juu wa kizibao, penye ile kadi.

"Ilitoka safi?"

"Safi, dada. Mpaka fulana ya mlinzi kwenye kamba."

Midomo ya dada ikacheza. Pasipoti alidhani atalia, na dada naye labda alidhani hivyo, lakini kilichotoka kilikuwa kicheko. "Kwa hiyo siku zote hizo," alisema, "mimi nilikuwa naamkia mnara wa simu. Na haujanipigia hata mara moja." Akacheka mpaka akashika ukuta, na machozi yakaja baadaye, yakamkuta bado anacheka. Pasipoti alimshika mkono.

Dada alipojipangusa alimwambia ile safi aitume. Binti yake akishampeleka kwa daktari wa macho, akivaa miwani, anataka aione hiyo kwanza, visiki na fulana na kila kitu, aihesabu miti ya baba hata kama ni kwa visiki. Pasipoti akanyoosha mkono kuichukua ile ya ukungu, arudi nayo akaichome. Dada akaivuta kifuani.

"Hii hainitoki," alisema. "Hii hakuna mwingine angenipigia."

Wakatangaza safari. Pasipoti akasema angalau apige moja, yeye peke yake, ya kuagana. Akainua kamera, akasimama mahali pake pa siku zote, umbali wa pasipoti.

"Kaa wima," alisema. "Nitazame mimi." Kisha akashusha kamera. "Ukiwa hapo, unaniona?"

"Naona kofia."

Akasogea. "Na sasa?"

"Sogea."

Akasogea tena, watu wakawa wanawapita na mikokoteni ya mizigo, mkewe akiwatazama kutoka mlangoni. Dada alitikisa kichwa. Akasogea mpaka kofia ikamgusa dada kwenye paji la uso, akaivua.

"Hapo," dada akasema. "Hapo nakuona. Umezeeka."

Mkono wa kushoto ukaizungusha pete kuyatafuta macho, ukazungusha, ukafika mwisho wa lenzi ukakwama. Ilikuwa karibu mno. Pasipoti akabonyeza hivyo hivyo.

Picha hiyo imetundikwa studio, juu ya kiti kisichozunguka. Ni uso mkubwa wa mwanamke anayecheka, wote ukungu, na wateja wakiketi chini yake humuuliza mwenye studio ilikuwaje akatundika picha mbovu namna hiyo mahali pa biashara. Pasipoti huwaambia kwamba alikosea umbali, kisha huwaomba wafunge mdomo na wamtazame.